Doña Nidia Zumbado, Aliyetufundisha Kuulipia Msitu

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Doña Nidia Zumbado anastaafu rasmi tarehe 28 Novemba. Shirika letu la Maji la Santa Rosalía linaagana na mhandisi wake wa kwanza wa misitu, na sisi wenzake tunaagana na mtu pekee aliyeweza kutucheka tusinune. Wasifu huu ulistahili mwenye kalamu nzuri, lakini siku ya kugawana kazi mimi ndiye niliyechelewa kikaoni.

Alipoajiriwa hatukujua tumpe kazi gani. Sisi tulikuwa watu wa pampu. Maji yakipungua, tuliongeza pampu. Yakizidi kupungua, tulimlaumu aliyetuuzia pampu. Tukampa meza karibu na mashine ya kutoa nakala, na kwa miezi kadhaa watu wakadhani ndiye mwendeshaji wake. Alitoa nakala zao kwa moyo mkunjufu, huku akituuliza swali lile lile: chemchemi inayonywesha mji mzima itakuwaje misitu ya mlimani ikigeuzwa malisho?

Wazo lake lilikuwa jepesi kulisema, gumu kulimeza. Kila bili ya maji iongezwe kiasi kidogo, na fedha hizo walipwe wenye mashamba ya mlimani ili wasikate miti. Mwaka 2000 wananchi waliitwa kulijadili, na ukumbi wa parokia ukajaa pomoni. Meneja wetu wa wakati huo akashikwa na homa ya ghafla. Sisi wengine, mashujaa, tukakaa nyuma karibu na mlango.

Doña Clemencia, muuza tamale za unga wa mahindi, alikuwa wa kwanza kusimama. "Maji anatoa Mungu! Sasa nyie mnatuuzia mvua? Kesho si mtatutoza na ukungu!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Doña Nidia naye akacheka. "Kweli mama, maji ni ya Mungu, na Mungu haleti bili. Bomba ni letu, na mnalilipia. Msitu ni wa don Evelio, yule pale, na hatujawahi kumpa hata kikombe cha kahawa."

Watu wakageuka. Don Evelio Arguedas, mfugaji ambaye shamba lake linaizunguka chemchemi, akavua kofia. "Kahawa si neno," akasema. "Ila mwenye kiwanda cha mbao ameshakuja kwangu, na nina watoto chuoni. Nikikata mti, nakula mimi. Nikiuacha, mnakunywa nyinyi. Mnataka nifanyeje, jamani?"

Doña Clemencia alikaa, kisha akasimama tena. "Basi mlipeni mwenzetu! Lakini nikisikia hela yangu imenunua gari la meneja, mtanitambua." Hoja ikapita. Meneja alipona asubuhi yake.

Kuna jambo halimo kwenye faili lake: mhandisi wetu anaogopa ng'ombe kupita kiasi, na wenye misitu karibu wote ni wafugaji. Siku alipokwenda kupima msitu wa don Evelio, mwenyeji alimkuta juu ya mpera, buti moja mguuni, jingine chini.

"Doña, huyo ni ndama."

"Najua ni ndama, don Evelio. Mwondoe."

Kisa hiki anakisimulia mwenyewe. "Ndiyo maana naitetea miti," husema. "Imeniokoa zaidi kuliko nilivyoiokoa."

Hatukushinda kila mara. Alituhimiza tuharakishe mkataba wa kulipia msitu wa shamba la kina Solera, huko mlimani. Sisi tukawa tunabishania rangi ya nembo ya mradi. Shamba likauzwa, miti ikaanguka, na mvua za Oktoba zikashusha matope hadi mabombani. Mji ulioga maji ya rangi ya chokoleti. Doña Nidia alipokea simu za matusi kutwa nzima, akiomba radhi kwa kosa letu, kisha akainamia meza yake akalia. Tukamletea maji moto ya sukari guru, tukasimama pale kama nguzo. Kesho yake mikataba iliyobaki ilitiwa saini bila kikao hata kimoja.

Ukame ulipokuja, pampu za miji jirani zilinyonya hewa. Mabomba yetu yalitiririka, kidogo lakini bila kukatika. Sisi wa Idara ya Pampu tulijaribu kujipongeza, hakuna aliyetusikiliza.

Wiki iliyopita, kwenye kikao chake cha mwisho, tukiwa tumeshaandaa keki, alisimama akaomba tozo ya msitu ipandishwe, kwa kuwa malipo ya wafugaji yamepitwa na wakati. Tuliokuwa tukimpigia makofi tukaanza kunung'unika, maana sisi pia tuna mabomba nyumbani. Alisubiri tumalize, akaitisha kura. Ikapita, na mimi nilinyoosha mkono nikiwa nimenuna.

Asante, Doña Nidia, kwa subira uliyotuonyesha sisi wagumu wa kuelewa. Uende salama, upumzike, na siku zako ziwe njema na nyingi. Bili yenye bei mpya itakufikia Desemba, kama sisi sote. Ukiiona kubwa, dirisha la malalamiko hufunguliwa saa mbili asubuhi. Njoo, maana tutakukosa sana.

Gerardo Víquez
Idara ya Pampu