Sanda Aliyoipima Hija

Bismillahi. Ndugu zetu mliorudi nasi kutoka makaburini, na akina mama mlioko ndani, sote ni wa Mungu na kwake tunarejea, nami Msellem, mkwewe marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake.

Marehemu Hija bin Mjaka alizaliwa Pujini tarehe 9 Machi 1911, akimfuata dada yake Bi Mwatum, aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Alisoma chuoni kwa Mwalim Abrahman, akahitimu Kurani mwaka 1923, kisha akaingia skuli ya serikali Chake Chake, akaishia darasa la nne kwa kuwa baba yao alifariki.

Tarehe 1 Juni 1930 aliajiriwa na Bwana Gulamali, mwenye maduka ya nguo Chake Chake, Mkoani na Wete, akaanza kwa kufagia, akapanda hadi kupima nguo. Tarehe 20 Oktoba 1935 alimwoa Bi Mwanapili huko Wawi, wakajaaliwa watoto watatu, Tatu, Matano na Mwanabaraka, na mwaka 1946 akaletwa Wete kuwa msimamizi wa duka, familia ikahamia hapa Jadida. Hizo ndizo zilikuwa siku zake za neema. Nani hapa hakupimiwa kanga na Hija? Akina mama mlimgombeza, mkamrudishia mara tatu, naye akicheka tu, na katika kila wari alizidisha shubiri, Bwana Gulamali akijua na akijifanya haoni. Mtu akifiwa, hata kama duka limefungwa kwa sala ya Ijumaa, Hija alilifungua, akakata bafta ya sanda, akaipeleka mwenyewe msibani.

Mwaka 1958 zikaingia siasa, mnajua wenyewe, watu wakasusiana arusi na mazishi, ikasemwa duka la Gulamali lisikanyagwe kwa kuwa tajiri yuko upande ule, na Hija, ambaye hatukupata kumsikia akitaja upande, akahesabiwa wa kule. Akawa anashinda akifuta vumbi kwenye majora yasiyokunjuliwa, wenzake wakapunguzwa kazi, jamaa wakamsihi aache, akajibu kwamba kazi ya miaka ishirini na nane mtu haivui kama kanzu.

Tarehe 17 Aprili 1960 alifariki Silima, mume wa Bi Mwatum, rafiki wa Hija tangu chuoni, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Hija alinunua bafta kwa mshahara wake, akaikata ndefu, maana Silima alikuwa mtu mrefu, akaenda nayo kifuani huku akilia. Dada yake akamzuia mlangoni, mbele za watu, akamwambia, "Wende nayo. Cha duka hilo hakimgusi mume wangu." Hija akasema, "Dada, mie ndugu yako," na mlango ukafungwa. Maiti akangojea sanda kutoka duka jingine Chake Chake mpaka alasiri, Hija akamsalia rafiki yake safu ya mwisho, pembeni kabisa, kisha akarudi nyumbani, akaitia ile bafta sandukuni pamoja na karafuu. Toka siku hiyo ndugu hawa wawili hawakuingiliana majumbani, na kila Idi Hija alimtuma Tatu na halua kwa shangazi yake, na kila Idi halua ilirudi.

Duka la Wete lilifungwa tarehe 30 Novemba 1961, wakamshukuru, wakamwacha. Februari mwaka huu kifua kikaanza kumsumbua, akalazwa tarehe 2 Agosti, na kila mlango wa wodi ulipolia aligeuza kichwa, akauliza, "Dada kaja?" Alifariki tarehe 11 Agosti 1962, alfajiri, baada ya kutuusia kwamba sanda tusinunue.

Bi Mwatum alifika asubuhi, kachelewa, ana bafta mpya mkononi. Bi Mwanapili akafungua sanduku, na Bi Mwatum akaitambua ile ya zamani kabla haijatolewa, akaiweka chini aliyokuja nayo. Ndiyo tuliyomkafinia Hija. Yeye alikuwa mfupi, ikazidi, na kipande kilichobaki amekiomba dada yake, yuko nacho mapajani huko ndani, na ni yeye aliyetaka haya yote niyasome bila kuficha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Bwana Gulamali na mkewe Bi Bilkis waliotoka Chake Chake, aliofanya nao kazi, na majirani wote, mlioingia dukani kwake na mliosusa, kwani leo mmegombea jeneza lake bila kuulizana upande, na laiti angaliwaona.

Pumzika, Hija, Mungu akupe amani. Dada kaja.