Gunia la Mashudu la Mzee Bwanaheri

Mzee Bwanaheri Fikirini amekamua ufuta kwenye kinu chetu hapa Chuno miaka kumi na tisa. Anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1975. Mimi Selemani wa mashine mpya nimeambiwa niandike neno la kumuaga.

Alianza kubeba magunia, akapewa mashine. Kazini anaimba, vibaya, tena kwa sauti ya kuishinda mashine. Tumemvumilia.

Mashine mpya ilipokuja aliwekwa yeye. Mke wangu alipofariki akaniachia nafasi ile, kwa kuwa ni zamu ya asubuhi, niwahi kuwapikia wanangu. Yeye akarudi kwenye ya zamani.

Mwaka jana darasa la siasa lilitufundisha kwamba thamani ya kitu ni jasho la waliokitengeneza. Mzee akanyoosha mkono. "Ndugu mwalimu, mafuta na mashudu vinatoka pamoja. Sasa gunia la mashudu lina jasho la watu wangapi?"

Mwalimu akaandika ubaoni. Mashine mpya, watu kumi: madebe matatu ya mafuta, magunia mawili ya mashudu. Ya zamani, watu kumi vilevile: madebe mawili, gunia moja. Akatoa hesabu ya zamani kwenye mpya. Debe moja na gunia moja vimezidi, watu hawakuzidi. Basi debe likiwa na jasho la watu kumi, gunia lina kasoro watu kumi. Chini ya sifuri. Mwalimu mwenyewe akakuna kichwa.

Ukumbi ukacheka. Kesho yake vijana langoni wanamwita Mzee Kasoro. Mzee akaanza kutoka kazini kwa nyuma ya stoo, kuwakwepa. Mimi nilitazama miguu yangu. Kasoro ni ya ile mashine kuukuu, na yeye yuko pale kwa ajili yangu.

Hapa kwetu mstaafu hupewa debe la mafuta. Mwaka huu mafuta yameisha. Limebaki gunia la mashudu. Tumeona haya hata kumwambia, akaenda Hadija wa stoo. Mzee akamjibu, "Leteni, mwanangu. Mbuzi wangu hawakuingia darasa lile."

Gunia nitalibeba mimi mpaka kwake Likombe. Atatangulia yeye, na tutapita lango kubwa.

Mzee, ahsante kwa zamu ya asubuhi. Wanangu walikula mapema. Mungu akupe afya na siku nyingi, na mbuzi wako wazae mapacha.