Ijumaa Hii Bi Tena Atakaa

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha wakalimani wa lugha ya alama hapa na katika nchi nyingine nne, mwalimu tunayemwita Bi Tena anastaafu. Alipaswa kustaafu miaka miwili iliyopita. Aliyemchelewesha ni mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu. Uongozi ulisema nimechaguliwa kwa kuwa nina maneno mengi. Hawakuongeza kwamba mikono ndiyo mizito, ila ofisi nzima inajua.

Bi Tena alianza maisha ya kazi akiwa opereta wa simu, akiunganisha watu wanaosikia kutwa nzima, ilhali mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, ni kiziwi. Mdogo akienda kwa daktari, dada mtu ndiye aliyekuwa masikio na mdomo wake. Siku moja dada alibanwa na zamu, mdogo akaenda peke yake. Daktari akamweleza aache vidonge fulani, yeye akatikisa kichwa kuitikia kama aliyeelewa, akarudi nyumbani akaendelea kuvimeza. Aliponea chupuchupu. Bi Tena akaacha simu akasomea ukalimani, na hadi leo ukimuuliza kwa nini anafundisha, anajibu vilevile: anataka mdogo wake aweze kuugua hata siku ambayo yeye hayupo.

Darasani kwake kuna kiti cha mbao mbele, mguu mmoja umewekewa karatasi iliyokunjwa ili kisiyumbe. Hapo hukaa kiziwi, mara nyingi mdogo wake mwenyewe, na huyo ndiye mtahini. Unatafsiri, kisha yeye anaeleza upya alichokielewa, na hicho ndicho ulichosema. Visingizio havina soko. Akitikisa kichwa tu, hupati kitu. Bi Tena anashikilia kwamba kutikisa kichwa si kuelewa, ni adabu. Hapo hukunja mikono na kutoa neno lake moja: tena.

Mimi kiti hicho kimeniangusha mara mbili. Mara ya kwanza nilitafsiri habari za chanjo ya watoto wachanga, na mtahini akaeleza kwa utulivu kwamba amejifunza mengi kuhusu ufugaji wa kuku. Mara ya pili alitazama jasho linavyonitiririka mpaka akaisahau mada, akanipa jina. Viziwi hawajali jina la kwenye kitambulisho. Wanakutazama, wanakupa alama yako. Yangu ni kupangusa paji la uso, na nimeshaizoea.

Lugha za alama ni nyingi, karibu kila nchi na yake, kwa hiyo Bi Tena akifika ugenini hakukimbilia kufundisha. Alikwenda kwanza kwenye chama cha viziwi wa hapo, akakaa nao wiki kadhaa akifundishwa kama mtoto wa chekechea, akachekwa, naye akacheka. Ndipo alipotafuta kiti, na kiziwi wa kukikalia, darasa likaanza. Safari moja alinichukua nimbebee vifaa. Nikajitia ujuzi, nikamwamkia mwenyekiti wao kwa alama za kwetu, salamu ndefu, na habari za nyumbani juu. Yule mzee aliinuka akafunga dirisha. Alidhani nasumbuliwa na nzi. Leo nchi zote nne zina wakalimani waliopita kwenye kiti, na baadhi yao wanafundisha wenzao.

Kwetu hapa walioiva walichukuliwa na mahakama na televisheni. Nikabaki mimi, kama kiporo. Bi Tena hakuwa tayari kumwachia mdogo wake mtu anayegeuza watoto kuwa kuku, na simlaumu.

Mwaka huu, akiwa mbali anafunga darasa lake la mwisho la nje, mdogo wake alizidiwa ghafla na mawe ya nyongo. Aliyepatikana ni mimi. Daktari aliponiona nilivyolowa aliniletea maji, akidhani mgonjwa ndiye mimi. Kisha akaeleza upasuaji kwa kasi ya mtu mwenye foleni mlangoni. Mgonjwa akatikisa kichwa, nami nilitamani sana kukiamini kichwa kile. Nikamwomba hata hivyo anieleze upya. Kumbe alichokipata kwangu ni kwamba ale vizuri kabla ya kupasuliwa, na daktari alikuwa amemkataza hata maji. Nikamgeukia daktari nikamwambia: tena. Alinuna. Nikamwambia tena, na tena, mpaka maneno ya mgonjwa na ya daktari yakawa mamoja.

Bi Tena aliingia wodini siku tatu baadaye na sanduku lake, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, daktari akiwa anaeleza dawa za kwenda kumeza nyumbani. Kwa mazoea akasogea kati yetu, akainua mikono. Mdogo wake, bado yuko kwenye dripu, akamwashiria kwa mkono mmoja: kaa. Kisha akarudisha macho kwangu. Bi Tena akakaa juu ya sanduku, akatazama hadi mwisho, machozi yanamtoka. Wiki hiyohiyo alimwambia mkuu wetu kwamba sasa anastaafu.

Ijumaa hotuba zote nitazitafsiri mimi, na kiti cha mbele kina mwenyewe. Leso nimeandaa tatu. Wageni wanaombwa wasipige makofi bali wainue mikono na kuitikisa, ndivyo viziwi wanavyoshangilia.

Bi Tena, asante kwa kila tena. Tunakuombea umri mrefu, mgongo imara, na simu zikuite kwa mambo ya heri tu. Ukiona nakosea, na nitakosea, mikono yako iache mapajani. Kaa. Mdogo wako ataniambia tena mwenyewe.