Mzee Subiri na Kufuli la Mashine ya Leza

Ijumaa hii, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Subiri atafunga mlango wa chumba cha unga na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Atausukuma mara tatu kuhakikisha umefungwa, atapiga hatua mbili, kisha atarudi kuusukuma mara ya nne. Sisi tutakuwa tumesimama koridoni na zawadi mkononi, tukimngoja. Kumngoja tumeshazoea.

Jina hilo halimo kwenye vyeti vyake. Alibandikwa na karakana, kwa sababu neno lake la kwanza kwa kila mtu, kuanzia mfagizi hadi meneja, ni "subiri". Mkewe ametuthibitishia kwamba hata nyumbani hali ni hiyo hiyo. Mjukuu alipotimiza miaka mitano, babu alisimama kuilinda keki isitolewe kwenye chombo chake kabla haijapoa, na wageni wakala wakiwa wameshavaa viatu vya kuondoka.

Aliajiriwa akiwa fundi wa kalibu. Mashine ya leza ilipoletwa, wenzake waliikimbia. Yeye alihamishia kiti chake kando yake na hakuondoka tena. Kwa wasioijua, mashine hiyo hutandaza unga wa plastiki, tabaka jembamba kama karatasi, leza ikachora umbo na kuuyeyusha pale ilipopita. Tabaka jingine huja juu yake, na jingine, mpaka kifaa kinakamilika kikiwa kimezikwa ndani ya unga. Ndivyo tunavyotengeneza magango ya kushikilia mikono ya wagonjwa waliovunjika mifupa.

Unga wa zamani ulikuwa na kiburi. Tumbo la mashine lilipaswa kupashwa moto hadi nyuzi mia na sabini kabla leza haijachora hata mstari mmoja. Taa za mhasibu zilififia kila tulipowasha, fyuzi zilikatika, na kwenye birika la umeme palibandikwa tangazo: usichemshe maji mashine ikiwa kazini. Miaka mingi tulikunywa chai ya vuguvugu kwa ajili ya plastiki.

Mzee Subiri akaapa kupata unga unaoyeyuka kwa joto dogo. Ilimchukua miaka sita ya kuchanganya, kusaga na kuchekecha. Mchanganyiko wa kwanza uliganda kama sabuni. Wa kumi na nne ulitoa gango zuri ajabu, likavunjika mkononi mwa meneja mbele ya wageni. Wa thelathini na nane ndio tunaoutumia leo: tumbo la mashine linapashwa hadi nyuzi sabini na tano tu, na unga uliobaki hauungui, unachekechwa na kurudi kazini. Tangazo la birika mhasibu alikuja kulibandua kwa mikono yake mwenyewe.

Lakini unga unaoyeyuka upesi ni unga unaodeka. Msimu wa joto ulipofika, Mzee Subiri aligundua kwamba kiyoyozi kizima kimebaki ofisini kwa meneja tu. Basi mapipa manne ya unga yakakaa nyuma ya kiti cha meneja miezi miwili, na fundi wetu akawa anaingia bila kubisha, katikati ya vikao, kupima joto la mapipa. La meneja hakulipima.

Halafu kuna kufuli. Kwenye mashine yenye kompyuta yake, Mzee Subiri alitoboa matundu mawili mlangoni na kufunga kufuli la geti. Fundi wa kampuni iliyotuuzia alipoliona nusura alie. Sheria ni moja: vifaa vipoe ndani ya unga siku nzima. Mashine ikimaliza leo saa nne, kufuli linafunguliwa kesho saa nne, na ufunguo anauning'iniza shingoni. Tumemsihi, tumemnunia, tumemsema kwa mkewe. Kazi bure.

Sasa nifike kwenye faili. Nimepewa faili lake la utumishi nichukue tarehe za kuandika katika jarida letu hili, na ndani yake kuna ukurasa wa miaka kumi na moja iliyopita: alifungua mashine kabla ya wakati, magango arobaini yakapinda; apewe onyo kali; asifikiriwe tena kwa ukuu wa karakana. Ijumaa faili hilo linafungwa, na hilo ndilo lingekuwa neno lake la mwisho.

Faili linasema uongo. Aliyefungua ni mimi.

Nilikuwa na miezi miwili kazini. Hospitali ilikuwa imepiga simu mara tatu kuulizia magango, na Mzee alikuwa amempeleka mkewe kliniki. Kufuli lilikuwa halijawekwa bado. Nikaugusa mlango wa mashine kwa kiganja. Unga wa zamani ungeniunguza na kunifundisha adabu. Huu mpya ulikuwa vuguvugu tu, nikadhani umepoa. Nikafungua, hewa ya baridi ikaingia, nikaogopa, nikafunga. Kesho yake magango yote yalikuwa yamejikunja, na wagonjwa wakangoja wiki nyingine.

Kikaoni meneja alisema kosa ni la unga, turudi kwenye ule wa zamani. Miaka sita ilikuwa inaenda jalalani. Mzee Subiri, aliyekuwa ameona alama za vidole vyangu kwenye kioo cha mlango, alinitazama. Akasubiri. Mimi nikatazama viatu vyangu. Ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi, kwamba unga hauna kosa, aliyefungua ni yeye.

Tangu siku hiyo nimemwomba ruhusa ya kusema ukweli, na jibu lake ni lile lile. Subiri, binti, uthibitishwe kazini kwanza. Subiri ujifungue. Subiri unga upate kibali. Nina watoto watatu, bado ni binti na bado nasubiri! Inakera mtu akikutendea wema halafu akakunyima hata nafasi ya kuona aibu. Na mpaka leo sijui kama alinitetea mimi au alitetea unga wake. Nikimuuliza, anacheka na kuendelea kuchekecha.

Jumatatu nilipeleka barua ofisi ya utumishi. Imegongwa muhuri na kuwekwa juu ya ukurasa ule. Mzee hakuulizwa. Anayasoma haya sasa hivi, kwenye kiti chake kando ya mashine, na neno lililomjia mdomoni nalijua. Safari hii sikusubiri.

Asante, Mzee wetu, kwa unga, kwa chai ya moto, na kwa kusema pale niliponyamaza. Mama, tunakurudishia mumeo. Keki ni juu yako. Tunawatakia afya tele na mapumziko marefu yasiyo na haraka. Ufunguo niachie mimi. Nitafungua kesho yake, saa ile ile, si dakika moja kabla.