Mama Pindo na Sare za Kukua Nazo

Bwana asifiwe, ndugu na majirani. Mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, na nimeombwa nisome bila kulia. Nitajitahidi, maana mwenyewe hakupenda watu wamlowanishie vitambaa.

Mama yetu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Mama Pindo tu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba iliyo nyuma ya zahanati ya misheni, mtoto wa mwisho wa fundi mwashi na mkewe. Mkunga alisimulia kwamba alitoka akilia kama mtu mwenye madai. Sauti hiyo hakuipunguza hadi uzeeni.

Alianza shule ya kanisa mwaka 1958. Akiwa darasa la tatu alifiwa na baba na mama ndani ya mwaka mmoja, na muhula uliofuata alirudishwa langoni kwa kukosa sare. Mwalimu wake wa shule ya Jumapili, mjane aliyeishi peke yake, alishusha pazia la sebuleni, akalichovya kwenye rangi ya buluu na kumshonea gauni. Kwa ndani maua ya pazia yalibaki yakionekana. Aliliachia pindo refu la kufumuliwa kila mwaka, na Mama alilivaa gauni lile hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1964. Tangu kufiwa aliishi kwa mwalimu huyo, na kwake ndiko alikojifunza kushona na kusali.

Mwaka 1970 alifungua chumba chake cha ushonaji kando ya kiwanda cha mikate. Kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kilichovunjika kona moja. Mteja aliyesema amenenepa aliambiwa, "Hapana, kitambaa ndicho kimesinyaa," kisha akapimwa upya kimyakimya.

Chumba cha jirani kilikuwa cha fundi saa. Kijana huyo alileta suruali ipunguzwe urefu, akairudisha tena, akairudisha mara ya tatu. Mama akamwambia, "Kaka, ukirudi tena itakuwa kaptula. Sema shida yako." Akaisema. Walifunga ndoa kanisani tarehe 5 Agosti 1972 na kujaliwa watoto wanne. Baba alitangulia mwaka 2009, na suruali ile bado tunayo.

Kazi aliyoipenda kuliko zote aliianza mwaka 1983: kuwasomesha yatima na watoto wa familia zisizojiweza katika shule ileile ya kanisa. Aliwashonea sare na kuwalipia ada, na kila Jumamosi walikuja kumsomea Biblia kwa sauti huku yeye akikanyaga cherehani. Aliyeruka neno alisikia mashine imesimama. Kila sare ilikuwa na mapindo mawili, kwa sababu alisema mtoto hasomeshwi mwaka mmoja. Mwaka 1986 alimwona mtoto nje ya kanisa, kaptula imechanika nyuma, magoti yamejaa vumbi. Alimpima palepale, na Jumapili iliyofuata akamtangaza mbele ya waumini kuwa yatima mpya wa kuombewa. Mchungaji akasimama taratibu. "Mama, baba yake ni mimi, na nipo hai."

"Basi Mchungaji, mshonee mwanao kaptula," akajibu. Kanisa zima liliangua kicheko, na sare aliyokwisha kumshonea mtoto yule hakuidai.

Sisi watoto wa kuzaa tulikuwa na wivu, nakiri. Nyumba ilijaa watoto wa Mama, na nyama iligawanywa vipande vidogo mno.

Mwaka 2021 madaktari waligundua kuwa moyo wake umetanuka. Januari 2023, mikono ikitetemeka, alishona sketi yake ya mwisho, ya yatima aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza. Alimwita Kitinda, yaani kitinda mimba wake. Mwaka mmoja baadaye alilazwa, na hakuuliza habari za dawa. Aliuliza, "Kitinda amerefuka. Nani atamfumulia?" Sote tulijua anauliza nani atamsomesha.

"Mimi, Mama," nikasema.

"Wewe? Hata kifungo hujui kushona!"

"Nitajifunza."

Alicheka hadi muuguzi akaja mbio, naye muuguzi ni mmoja wa watoto wake wa kwanza wa kusomesha. Kisha akaagiza sketi iletwe na wembe utafutwe. Nilifumua pindo la kwanza juu ya kitanda chake, uzi kwa uzi, akinikemea kila hatua. Nilipomaliza akaipapasa sketi, akasema, "Haya, umefaulu." Alilala katika Bwana asubuhi ya tarehe 2 Februari 2024, akiwa ameridhika kabisa.

Marehemu ameacha watoto wanne, wajukuu tisa, kitukuu mmoja na watoto thelathini na mmoja wa kusomesha, ambao leo wamekataa kuketi nyuma pamoja na wageni. Kitinda yupo hapa kwenye benchi la mbele, amevaa sketi ileile.

Pumzika kwa amani, Mama. Pindo moja limebaki, na wembe ninao.