Zabron Luvanda, Fundi Taa Aliyewasindikiza Wenzake Dirishani

Mchungaji, wazee wa usharika, majirani wa Ipogolo, na ninyi wageni wetu mliotoka Mbeya, Igawa na Ruaha Mbuyuni, familia ya Mzee Abrahamu Luvanda inawashukuru kwa kufika, na imempa Amos, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya ndugu yetu mpendwa Zabron Abrahamu Luvanda, kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa hapa Ipogolo, Manispaa ya Iringa, tarehe 14 Machi 1979, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa Mzee Abrahamu Luvanda, fundi uashi, ambaye yuko nasi hapa mbele, na Mama Lusia, aliyetutangulia mwaka 2013, akabatizwa mwezi wa sita mwaka huohuo na kupata kipaimara mwaka 1994.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Ipogolo kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, na akiwa darasa la tano alichukua dainamo ya baiskeli ya baba bila ruhusa, akaiunganisha na balbu ya tochi, akawa anamlazimisha Amos kuzungusha pedali ili yeye asome, kazi ambayo Amos aliifanya kwa muhula mzima kwa ujira wa karanga. Alimaliza kidato cha nne mjini Iringa mwaka 1997, kisha akajiunga na chuo cha ufundi stadi, ambako alihitimu umeme wa magari mwezi Novemba mwaka 2000.

Mwezi Februari mwaka 2001 alihamia Igawa, wilaya ya Mbarali, akaanza kazi katika gereji ya kandokando ya barabara kuu, na haukupita muda madereva wa malori yaendayo Tunduma wakampa jina la Fundi Taa, kwa kuwa gari lililokuwa limewatesa mafundi wengine wiki nzima yeye aliinama chini ya dashibodi, akavuta waya mmoja, na taa zikawaka. Huko Igawa ndiko alikokutana na Esnath Mwaisumo, fundi cherehani, mzaliwa wa Tukuyu, wakafunga ndoa takatifu Jumamosi ya tarehe 9 Oktoba 2004, na Mungu akawajalia watoto wawili, Yotamu aliyezaliwa mwaka 2005 na Eveline aliyezaliwa mwaka 2009.

Ndugu waombolezaji, hapa ndipo baadhi yetu katika familia tulipotaka kuruka, tuandike kwamba marehemu alipitia changamoto za kimaisha kisha tuendelee, lakini mwezi uliopita marehemu mwenyewe, akiwa kitandani, alimwomba binti yake Eveline amsomee tulichokuwa tumeanza kuandika, na aliposikia sentensi hiyo akamwambia, "Futa hapo, mwanangu. Mkiiruka miaka ile mtakuwa mnamzika mtu mwingine, na wenzangu watakaokuja msibani watajua kwamba hata nyumbani kwangu wanaonewa aibu." Kwa hiyo tunaisoma miaka ile, kwa agizo lake.

Mwezi Agosti mwaka 2009 marehemu aliteleza juu ya tela la lori akaanguka chali, akaumia mgongo, na kwa kuwa alikuwa na mtoto mchanga nyumbani na hakutaka kulala bila kazi, alipokea kutoka kwa mtu mmoja wa barabarani msokoto uliochanganywa na unga, yaani heroini, akaambiwa utatuliza maumivu, na kweli ukayatuliza, na kufikia mwisho wa mwaka hakuwa tena anavuta kwa ajili ya mgongo. Kutoka kuvuta alifika kwenye kujidunga sindano, akafukuzwa gereji, akauza vifaa vyake vya kazi, na mwaka 2013, siku tuliyomzika mama yetu, aliondoka makaburini kabla ya wengine, akaingia ndani, akachukua sanduku la baba lenye pima maji, miiko na nyundo zote za uashi, akapotea nalo. Mwaka uliofuata Esnath aliwachukua watoto akarudi kwao Tukuyu, na hakuna mtu hapa aliyemlaumu.

Mwezi Aprili mwaka 2018 marehemu alisikia kutoka kwa dereva mmoja kwamba jijini Mbeya kuna kituo kinachotoa methadoni, dawa ya maji ambayo mtu huinywa kila siku mbele ya muuguzi, nayo humwondolea arosto, yale maumivu makali ya mwili unaodai unga, ili aweze kula, kulala na kufanya kazi kama watu wengine. Alikwenda peke yake, akapimwa ini, kifua na damu, akahudhuria mafundisho waliyompangia, lakini kwenye fomu palitakiwa ndugu wa kusaini kama msindikizaji wake, mtu atakayeitwa akipotea, naye akampigia simu mdogo wake Amos, ambaye ndiye mnayemsikia akisoma, na Amos akamjibu, "Kaka yangu alikufa siku ya msiba wa mama," akakata simu. Marehemu hakuwahi kumkumbusha Amos maneno hayo hata siku moja, na yameandikwa hapa kwa sababu Amos mwenyewe ameomba yaandikwe.

Aliyesaini ni Esnath, aliyepanda gari kutoka Tukuyu, akaketi mbele ya muuguzi Asukile, akashika kalamu, na kabla ya kuandika jina lake akamgeukia marehemu akasema, "Nasaini kwa ajili ya watoto, Baba Yotamu, usije ukafikiri nimerudi." Siku ya Jumatatu tarehe 11 Juni 2018 marehemu alikunywa kikombe chake cha kwanza, na muuguzi Asukile alipomwambia ataje jina lake, kama anavyoambiwa kila mmoja ili ijulikane dawa imemezwa na haikubaki mdomoni, alitaja majina yake yote matatu kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa foleni, watu wakacheka, na tangu siku hiyo hakuwahi kutaja jina moja tu.

Dawa hiyo haichukuliwi ya mwezi mzima ukakae nayo nyumbani, hasa kwa mtu mpya, bali unaifuata, Jumapili na sikukuu zikiwemo, naye alikuwa bado anaishi Igawa, zaidi ya kilomita mia moja kutoka dirisha la kituo linalotolewa dawa, hana kazi na hana mtu wa kumpokea Mbeya mjini. Kwa miezi saba alisimama kila alfajiri kando ya lami, akapandishwa na madereva waliomfahamu tangu enzi za Fundi Taa, ambao wengine alikuwa amewaibia betri, akanywa dawa, akarudi na gari jingine, na njiani akawatengenezea taa na honi zao kama shukrani. Alipoulizwa na daktari anawezaje, alijibu kwamba alikuwa akitembea zaidi ya hapo kutafuta unga, na hakuna aliyewahi kumpongeza.

Tarehe 22 Januari 2019, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, lori lilipinduka kwenye mteremko wa Inyala na barabara ikafungwa, marehemu akateremka kwenye gari alimokuwa, akatembea kwa miguu katikati ya tope hadi Uyole, akadandia pikipiki, akafika kituoni na kukuta dirisha limefungwa robo saa iliyopita. Alimpigia Esnath akamwambia maneno mawili tu, "Nimechelewa, naogopa," na Esnath akafunga cherehani, akapanda gari la mwisho kutoka Tukuyu na chupa ya chai ya maziwa, akamkuta stendi akitetemeka, akampeleka Uyole kwa shangazi yake yeye Esnath, akakaa naye mpaka kituo kilipofunguliwa kesho yake. Marehemu hakugusa unga. Esnath anasema hakuna alichoamua siku ile, ila aligundua tu, wakiwa kwenye foleni, kwamba alikuwa ameshika mkono wa mume wake.

Mwezi Machi mwaka 2019 walipanga chumba Uyole, watoto wakarudi, na marehemu akafungua kibanda chake cha umeme wa magari, na mwezi Disemba mwaka 2020, akiwa amekaa mwaka mzima na zaidi bila kukosa kikombe, aliruhusiwa kubeba dozi ya siku mbili, akaja nayo hapa Ipogolo kumwomba baba msamaha. Alisimama uani pale, mikono nyuma, akiwa amebeba hotuba ndefu aliyoifanyia mazoezi njia nzima, na Mzee Abrahamu akatoka ndani, akamtazama, akasema, "Kamwene," salamu yetu Wahehe ya kumpa mtu heshima yake, na hotuba ikaishia hapo, wakaingia ndani kula.

Mwaka 2021 kituo kilimpa mafunzo ya mwelimishaji rika, naye akaanza kuzunguka maskani za watumia unga alizozijua kwa sababu amelala humo, Igawa, Ruaha Mbuyuni na hapa Ipogolo, akiwatafuta watu ambao dawa ilikuwa mbali nao kama ilivyokuwa mbali naye. Huko Ruaha Mbuyuni alimfuata mara tatu Didas, mkulima wa vitunguu, aliyekuwa akijificha kwenye kibanda cha pampu shambani kwao, mara mbili akatupiwa mabonge ya udongo, na mara ya tatu alikaa chini akaanza kutengeneza waya za pampu iliyokuwa imekufa, mpaka Didas mwenyewe akamuuliza, "Hiyo dawa yenu inauma?" Marehemu akamjibu, "Haiumi. Kinachouma ni kuifuata kila siku, na hilo tutalifanya wote." Didas leo ana miaka minne kwenye dawa, na ni mmoja wa waliobeba jeneza.

Watu hao walihitaji mahali pa kulala karibu na kituo, na wenye nyumba waliwakataa, ndipo marehemu na Esnath wakapanga nyumba nzima ya vyumba vitano kwa jina lao, na mama mwenye nyumba alipokuja juu akisema ameletewa mateja, marehemu alimwambia kwa upole, "Mama, mimi ni mmoja wao, na ndiye niliyekufungia umeme nyumba nzima. Umepoteza nini?" Mama huyo yuko hapa leo, na ndiye aliyesimamia jikoni tangu juzi. Si wote waliopita nyumba ile walipona, wawili marehemu aliwazika, mmoja wao siku tatu baada ya kuacha dawa kwa kejeli za ndugu zake, na tangu hapo, mtu yeyote alipomuuliza yeye ataacha lini hiyo methadoni, alijibu, "Mwenye presha mnamuuliza ataacha lini vidonge?"

Mwezi Septemba mwaka 2022 alimpigia simu Amos, akamwambia kuna kijana wa Ipogolo ambaye ndugu zake wote wamekataa kumsainia, fomu iko mezani, akamwomba aje. Marehemu alisubiri bila kukata simu, kisha akasema tu, "Njoo, mdogo wangu, safari hii ni fomu tu." Amos alikwenda Mbeya, akasaini, na baada ya hapo amesaini nyingine kumi na moja.

Mwezi Novemba mwaka 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini, iliyotokana na homa ya ini aliyoipata zamani kwa kuchangia sindano, akatibiwa Mbeya, na mwezi Julai mwaka huu madaktari wakatuambia kwa uwazi kwamba waliloweza wamelifanya. Aliendelea kwenda kunywa dawa yake kwa miguu, kisha kwa bajaji, kisha Yotamu akambeba mgongoni kutoka getini hadi dirishani, na wiki ya mwisho wahudumu walimfuata nyumbani. Asubuhi ya Jumatano tarehe 3 Septemba 2025 muuguzi Asukile alimletea kikombe, akanywa kwa kijiko, akaambiwa ataje jina, akasema, "Zabron Abrahamu Luvanda," kwa sauti ndogo lakini yote matatu, na saa tano na nusu, Esnath akiwa kichwani kwake, akakata roho, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Ameacha mjane, watoto wawili, baba na wadogo zake watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbeya waliomtunza kama ndugu yao, madereva wa barabara kuu waliompandisha bila kuchoka, majirani wa Uyole waliojifunza kumwita yeye na wenzake kwa majina yao, usharika wetu wa Ipogolo, na mafundi wenzake wa Igawa walioleta jenereta na kufunga taa hizi mnazoziona. Na tunawashukuru kipekee wagonjwa wenzake thelathini na wanne walioko hapa, ambao leo walikunywa dawa zao dirisha lilipofunguliwa, wakaingia moja kwa moja kwenye magari kuja kumzika.

Mchungaji, familia ina ombi moja. Desturi ni kwamba ndugu wa damu ndio hutangulia kuweka udongo, lakini Mzee Abrahamu ameelekeza kwamba leo wenzake hao thelathini na wanne watangulie, sisi tufuate, kwa kuwa safari ya kurudi Mbeya ni ndefu, na kesho asubuhi wanatakiwa kuwa kwenye foleni.

Nenda, kaka. Tutawawahisha dirishani. Pumzika kwa amani.