Mpira wa Wepukhulu na Shemeji Yake Ndeti

Wapendwa waombolezaji, Mchungaji, majirani zetu wa Sarang'ombe hapa Kibera na nyinyi mliotoka Kawangware, mimi ni Nabalayo, dada mdogo wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na wanaonijua wanajua sifichi neno, kwa hivyo mwenye simu aizime, na wale wa nyuma wanaocheka waache kwanza, wakati wa kucheka utafika.

Benard Wepukhulu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 karibu na Kimilili, kaunti ya Bungoma, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Mukhwana, akasoma shule ya msingi pale kijijini, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1979, na matokeo yake baba aliyasoma mara moja, akayakunja, na hayakuzungumziwa tena katika boma letu.

Mwaka wa 1985 alikuja Nairobi kwa mjomba wetu hapa Sarang'ombe, akapata kazi ya kuokota mipira katika klabu moja ya tenisi upande wa Ngong Road, na huko ndiko kaka alikookoka mara ya pili, Mchungaji unisamehe, maana tangu siku hiyo alikuwa mtu wa tenisi, akajifunza kufunga nyuzi za raketi, akawa mwalimu wa watoto wa matajiri, na baadaye akafungua kibanda Soko la Toi, akiuza raba za mitumba na kutengeneza raketi.

Sasa, kaka hakujali nani ameshinda kombe, wachezaji wa kulipwa wa dunia nzima aliwapanga kwa adabu, wa kwanza kwake akiwa yule anayemwambia refa mwenyewe kwamba mpira umemgusa, akifuatwa na anayemkimbilia mpinzani aliyeanguka, halafu anayeinua mkono kuomba radhi mpira wake ukigusa wavu na kubahatika kuvuka, na chini kabisa, motoni, wale wanaovunja raketi, ambao akiwaona kwenye televisheni alifumba macho na kusema, "Woi, imekukosea nini?" Muigai, mteja wake wa Toi, yuko hapa, ni shahidi, siku aliyomtetea bingwa mmoja mvunja raketi, kaka alimuuzia kiatu cha kulia, cha kushoto akakataa nacho mpaka atubu.

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na Kasiva, binti wa Kitui, ambaye alijuana naye kupitia kwa kaka wa binti huyo, Ndeti wa Riruta, pande za Kawangware, rafiki wa marehemu wa klabuni, ambaye walilima naye kwa majembe ule uwanja wa udongo wa Kawangware, wakapiga mistari ya chokaa, na Mungu akawajalia kaka na Kasiva watoto wawili, Valary aliyezaliwa 1995 na Ian aliyezaliwa 2001.

Hapa wengine wangeruka, mimi siruki. Kwenye udongo mpira huacha alama, na sheria aliyotufundisha kaka mwenyewe ni kwamba ukiifuta alama kabla mwenzako hajaiona, umempa pointi, kwa sababu muungwana hufuta ya kumpa, hafuti ya kumnyima. Tarehe 2 Februari 2020, Kibera na Kawangware wakigombea mbuzi, pointi ya mwisho, Ndeti alipiga mpira ukaanguka karibu na mstari wa nyuma, kaka akapaza sauti, "Auti!" na Ndeti alipovuka wavu kwenda kuangalia, alikuta kiatu cha kaka kinapangusa pale pale.

Ndeti akasema, "Umefuta, umenipa." Kaka akasema ameteleza. Kuteleza, jamani, mwezi wa pili, vumbi tupu! Mbuzi akaja Kibera, na Ndeti akaapa mbele ya watu kwamba hataingia kwa Wepukhulu mpaka asikie kutoka nyumba hiyo kwamba mpira ulikuwa ndani.

Mnacheka, lakini wifi yangu Kasiva hajacheka, kwa miaka mitano amekuwa akienda Riruta peke yake kama mjane na mume yuko hai, na mahari ya Valary mwaka wa 2022 tuliyapokea bila mjomba wake, chakula kikawa kingi na hakuna aliyekisifu. Leo Ndeti amekuja, lakini amesimama pale nje ya geti, kofia mkononi, na Kasiva tangu msiba uanze hajaomba hata maji, anauliza tu kama kaka yake ameingia.

Marehemu alianza kuugua figo Januari 2025, akalazwa tarehe 27 Mei, na tarehe 4 Juni Ian alimwekea kwenye simu mechi ya udongo ya huko Ulaya, ambapo kijana mmoja ambaye jina lake lilitushinda sote alipewa pointi na refa, akaenda akaangalia alama, akaifuta kwa mguu, akampa mpinzani wake, na wodi nzima ikapiga makofi, hata mgonjwa aliyekatazwa kujigeuza. Kaka akageukia ukuta. Nilipomuuliza akaniambia, "Naba, ulikuwa ndani. Si hata kwenye mstari, ndani kabisa."

Nikamwambia ampigie Ndeti, akapiga, Ndeti akashika, kaka akauliza kama Kitui kumenyesha, akauliza habari ya mahindi, akasema, "Basi, shemeji," akakata, jasho linamtoka. Nikamwambia wewe ni mwoga, akakubali, halafu akanituma niyaseme leo, nikakataa, nikasema marehemu hafedheheshwi, akaniambia nisome tu, yeye wakati huo hatakuwa na uso wa kuonea haya. Alituacha tarehe 11 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Basi nasoma, Kawangware msikie: mpira ulikuwa ndani, Kibera tulishindwa, na mbuzi tulikula wa wenyewe.

Vijana, mpisheni Ndeti. Mpisheni, anaingia. Kasiva, usiinuke, yuaja mwenyewe. Ngojeni kidogo, mimi pia ni mtu, nami ninalia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani wa ploti kwa maji na viti, wenzake wa Soko la Toi waliofunga vibanda leo, na Ndeti, tunakuomba ushike jeneza mbele, mkono wa kushoto, nafasi hiyo tumewanyima watu tangu asubuhi.

Pumzika kwa amani, kaka yangu, na huko ulikokwenda usijiamulie mistari, mwache mwenye uwanja aamue.